Mwalimu Aliyeanzia Soksi



Somo letu la mara hii halihusu mchwa wala upandaji wa miche. Baada ya msimu uliopita matawi matatu yalituletea barua, kila tawi kwa maneno yake, lakini haja yao ilikuwa moja: tuandike juu ya kufanya kazi pamoja, kwa kuwa kazi ya pamoja imewashinda. Hatukushangaa kuzipata barua hizo. Khabari ya zile karafuu za shirika zilizoharibika sakafuni kila mmoja wetu anaijua, na sisi tunaoandika ukurasa huu tumo katika makosa yake, kama tutakavyoeleza mbele.

Tulitaka mfano wa mbali, maana mfano wa karibu huwa na jina la mtu ndani yake, na jina la mtu huleta ugomvi. Ndipo tukamchagua Bwana John Wooden, mwalimu wa mpira wa kikapu wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki mwezi wa Juni 2010, akiwa amebakisha miezi minne kutimiza miaka 100. Timu yake ya Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, kiitwacho kwa kifupi UCLA, ilichukua ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara 10 katika miaka 12, tangu 1964 hata 1975, na katika mara hizo saba zilifuatana bila ya kukatika. Mpaka hivi leo hakuna mwalimu mwingine wa wanaume katika mashindano hayo aliyefika hapo.

Kwa wazee wetu wasioujua mchezo huu, hucheza watu watano kwa watano, na kazi yao ni kuutia mpira ndani ya kikapu kilichotundikwa juu, futi 10 toka chini. Ulianzishwa mwaka 1891 na Bwana James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Alichukua matenga mawili ya kutilia matunda akayatundika katika roshani ya jumba la mazoezi. Matenga yalikuwa na vitako vyake, kwa hiyo kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande ngazi akautoe. Sisi ambao kazi yetu ni ya kupanda na kushuka twaweza kuipima adha yake.

Basi siku ya kwanza ya mazoezi ya kila mwaka vijana walikuwa wakikusanyika mbele ya Bwana Wooden. Walikuwa vijana waliochaguliwa kutoka nchi nzima, wengine warefu kama minazi michanga, na wengi wao sifa zao zilikwisha kuandikwa magazetini. Wote walingoja kusikia siri ya ushindi. Mwalimu akaanza kuwafundisha kuvaa soksi.

Hatufanyi mzaha. Aliwaonyesha namna ya kuipandisha soksi mguuni polepole, kuilaza vizuri penye vidole, kisha kuipitisha mkono penye kisigino mpaka pasibaki kunyanzi hata moja. Khalafu kiatu: kisiwe kikubwa kuliko mguu, na kamba zake zikazwe tundu baada ya tundu toka chini, zifungwe mara mbili zisije zikafunguka mchezoni. Vijana walitazamana. Mmoja wa waliopata somo hilo, Bwana Bill Walton, ambaye baadaye alikuja kuwa mashuhuri sana, alisimulia mara nyingi jinsi walivyostaajabu.

Sababu yake ilikuwa nyepesi. Soksi yenye kunyanzi huleta lengelenge. Mwenye lengelenge huuchunga mguu wake, na mwenye kuuchunga mguu huchelewa hatua moja. Mwenziwe akimpa mpira hamkuti pale alipotazamia kumkuta, na mpira huenda kwa maadui. Hivyo kunyanzi la soksi ya mtu mmoja huwa khasara ya watu watano.

Tumeisoma khabari hii mara nyingi, na kila tukiisoma twaikumbuka kazi yetu wenyewe. Mtu anayesikia kwamba chama chetu kina somo la karafuu hutazamia kuambiwa bei na masoko. Lakini khatima ya karafuu huamuliwa kwa mambo ambayo mgeni angeyacheka. Je, mchumaji amelivuta tawi kwa ngoe taratibu, au amelivunja na kuondoka na mazao ya mwaka ujao? Je, amechuma kabla ya kikonyo kufunguka ua, rangi ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuiva? Je, zimechambuliwa usiku ule ule, makonyo kando na karafuu kando, au zimelala zimeshindiliwa ndani ya gunia? Je, yupo mtu karibu wa kuanua wingu linapokuja? Hizo ndizo soksi zetu.

Sasa tuseme kidogo mtu huyu alitoka wapi, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mkulima, na jambo hilo latuhusu. Alikulia katika shamba dogo karibu na Centerton, jimbo la Indiana, katika nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba. Kikapu chake cha kwanza kilikuwa tenga la nyanya lililotolewa kitako na kupigiliwa misumari ghalani, na mpira wake ulikuwa matambara ambayo mama yake aliyashindilia ndani ya soksi akaishona. (Soksi tena!) Walikuwa ndugu wanne wanaume, na kazi ya shamba ilitangulia mchezo.

Katikati ya miaka ya 1920 shamba lile liliwatoka. Baba yake alikopa akanunua nguruwe, ambao ndio mifugo ya watu wa kule. Wakachomwa sindano ya kukinga maradhi, kumbe dawa yenyewe ilikuwa mbovu, nguruwe wakafa. Ukame nao ukamaliza mimea, na benki ikachukua ardhi. Mzee alihamia mjini na watu wake, akaenda kufanya kazi ya kuajiriwa. Mwanawe alieleza uzeeni kwamba hakumsikia baba yake hata siku moja akimlaani aliyeuza dawa, wala benki, wala mvua. Alikuwa amewafundisha wanawe kanuni mbili za matatu matatu: wasiseme uwongo, wasidanganye, wasiibe, na tena wasilie-lie, wasilalamike, wasitoe visingizio.

Twakiri kwamba sisi hatukubaliani na mzee huyu kwa kila neno. Mkulima aliyeuziwa dawa mbovu ana haki ya kulalamika, tena mahali panapostahili na kwa maandishi, na chama kipo kwa ajili hiyo. Lakini lipo lalamiko la kudai haki, na lipo jingine la kujificha nyuma yake ili mtu asiulizwe kazi yake mwenyewe. Twadhani hilo la pili ndilo alilolikataza.

Bwana Wooden alisoma Chuo Kikuu cha Purdue, akawa mmoja wa wachezaji bora wa nchi yake, akamaliza mwaka 1932. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha Kiingereza na michezo katika shule ya Dayton, jimbo la Kentucky. Mwaka wake wa kwanza timu ilishinda mara 6 na kushindwa mara 11. Mtu aliyekuja kuwa bingwa wa mabingwa alianza hivyo.

Lakini kilichomsumbua zaidi darasani kilikuwa wazazi. Mtoto akirudi nyumbani na alama ya wastani, mzazi hukasirika, humlaumu mtoto au mwalimu, hata kama mtoto yule amejitahidi mpaka mwisho wa uwezo wake. Tena mtoto mwingine mwenye akili nyepesi akipata alama kubwa bila ya juhudi, husifiwa. Mwalimu kijana akaona kipimo hiki si cha haki, na mwaka 1934 akajitungia chake mwenyewe. Kwa maneno yetu sisi, alisema kufaulu ni ile raha ya moyo anayoipata mtu akijua kwamba amefanya yote aliyoweza ili awe bora kwa kadiri ya uwezo wake. Hapo hapana fulani wala jirani, wala hesabu ya mabao. Na mtu hawezi kumdanganya mwenziwe kwa kipimo hiki, kwa sababu anayejua jawabu ni yeye mwenyewe peke yake.

Twaomba wanachama wakae kidogo juu ya jambo hili, maana sisi pia tuna wazazi wa namna hiyo. Mizani inapokwisha kazi yake huanza maneno: fulani amepata magunia kadha wa kadha, na fulani amepata kidogo tu. Yule wa kwanza huitwa mkulima hodari. Pengine amerithi shamba la bondeni lenye udongo mzuri na mikarafuu iliyopandwa na babu yake. Yule wa pili labda ana shamba la mawe na miti iliyozeeka, naye amepalilia, ameziba mapengo kwa miche mipya, na karafuu zake chache zimekauka vizuri kuliko zote. Bwana Wooden angemwita nani hodari? Tena mkarafuu wenyewe, kama tujuavyo, hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hujaa mpaka wachumaji hawatoshi, na miaka inayofuata hupumzika. Anayejipima kwa magunia peke yake atajiona bingwa mwaka huu na mjinga mwaka ujao, na huenda kazi yake ni ile ile miaka yote miwili.

Tuje kwenye subira. Mwalimu alifika Los Angeles mwaka 1948. Jumba la mazoezi alilopewa lilikuwa ghorofa ya tatu, dogo, halipiti hewa, na ndani yake walikuwamo pia wanamieleka na wacheza sarakasi wakifanya mazoezi yao saa zile zile. Vumbi lilikuwa jingi sakafuni, kwa hiyo kabla ya mazoezi mwalimu mwenyewe pamoja na wasaidizi wake walishika ufagio na kitambaa cha maji wakaisafisha. Katika miaka yake ya mwanzo pale mshahara haukumtosha, na asubuhi alifanya kazi katika kampuni ya maziwa kabla ya kwenda chuoni. Aliahidiwa jumba jipya, na jumba hilo likafunguliwa mwaka 1965, yaani miaka 17 baadaye.

Ubingwa wa kwanza wa nchi aliupata mwaka 1964, katika msimu wake wa 16 pale chuoni. Misimu 15 ilikuwa imepita bila ya ubingwa huo. Mkulima wa zao la msimu mmoja pengine hawezi kuifahamu hesabu hii, lakini sisi ambao miche yetu hukaa miaka sita, saba hata minane kabla hatujaonja harufu ya mavuno ya kwanza, twaifahamu. Katika muda huo mtu hupalilia mti usiompa kitu. Huutilia kivuli ungali mdogo, huutazama majani, na watu humpita njiani wakiuliza amepata nini.

Wala tusidhani kuwa subira yake ilikuwa ya kukaa na kungoja. Kila asubuhi alikaa na wasaidizi wake kupanga mazoezi ya jioni, dakika kwa dakika, na mpango ukaandikwa katika vikadi vidogo vya kutia mfukoni. Vikadi hivyo alivihifadhi, ili mwaka mwingine aweze kutazama siku kama ile walifanya nini na wapi walikosea. Ni wanachama wangapi wetu wanaojua tarehe waliyoanza kuchuma miaka mitatu iliyopita, au siku ngapi karafuu zao zilikaa juani? Tumeuliza katika tawi moja la watu arobaini, tukaletewa daftari mbili tu, na moja ilikuwa ya mjane ambaye hajui kuandika ila mwanawe humwandikia.

Jambo jingine latupendeza. Ule ubingwa wa 1964 ulipatikana kwa timu ya watu wafupi, wafupi kwa mchezo ule maana yake. Hakuna aliyeanza mchezo aliyezidi futi 6 na inchi 5. Walishinda michezo 30 wala hawakushindwa hata mmoja, na fainali wakawafunga Duke kwa 98 kwa 83. Silaha yao kubwa ilikuwa kuwabana wapinzani uwanja mzima, toka mpira unapotiwa mchezoni, watu watano wakienda kama wavuvi wanaovuta juya. Mmoja akilegea, samaki wote hutoka. Na shauri la kutumia mbinu ile lilitiliwa nguvu na msaidizi wake, Bwana Jerry Norman, ambaye alimshikilia mkubwa wake mpaka akakubali. Mwalimu mwenye umri wa miaka 53 aliyekwisha kufundisha zaidi ya miaka 25 alimsikiliza kijana wake.

Kadhalika alikuwa na kanuni kwamba mchezaji akitia mpira kikapuni asijipige kifua. Kwanza amtazame yule aliyempa mpira, amnyooshee kidole, au ampe ishara ya kichwa. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja aliuliza, itakuwaje ikiwa mwenzangu hanitazami? Mwalimu akamjibu kuwa hapana shaka atakutazama. Twaifurahia khabari hii, kwani mtu anayetazamia kushukuriwa hugeuka kila mara. Katika kazi yetu anayeonekana ni yule anayesimama penye mizani. Mwanamke aliyekesha kwa taa akichambua, mtoto aliyefukuza kuku juu ya majamvi, mchumaji aliyepanda mti mrefu wenye tawi bovu akalipwa kwa pishi akaenda zake, hao hakuna anayewanyooshea kidole.

Na asije mtu akadhani kuwa umoja kwake ulikuwa ni tabasamu na kupeana mikono tu. Kabla ya kwenda Los Angeles alifundisha chuo cha ualimu cha Indiana State. Mwaka 1947 timu yake ilialikwa katika mashindano ya nchi katika mji wa Kansas City. Kanuni za mashindano yale zilikataza wachezaji weusi, na ndani ya timu yake alikuwamo kijana mmoja mweusi, Clarence Walker, ambaye hakuwa hata miongoni mwa watano wa kwanza. Mwalimu angeweza kumwacha nyumbani, na wengi wasingelisema neno. Akaikataa barua ya mwaliko, timu nzima ikakaa. Mwaka uliofuata, 1948, kanuni ile iliondolewa, na Walker akacheza, akiwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano yale. Walifika fainali, wakashindwa na Louisville. Ubingwa aliokosa 1948 katika mji ule aliupata katika mji ule ule miaka 16 baadaye, akiwa na UCLA.

Sasa tufike penye kusema na kunyamaza, na hapa ndipo somo linapotugusa sisi.

Katika msimu wa 1974 na 1975, wa mwisho wake, wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Bwana Ronald Gallimore na Bwana Roland Tharp, walikaa pembeni ya uwanja katika mazoezi 15 wakaandika kila alilolisema na kulifanya. Walihesabu mambo 2,326. Sifa tupu hazikufika 7 katika kila 100, na makaripio matupu pia hayakufika 7. Kiasi cha robo tatu ya maneno yake yalikuwa maelekezo: fanya hivi, wakati huu, kwa sababu hii. Kijana akikosea, mwalimu humwonyesha namna iliyo sawa, humwigizia namna alivyokosea, kisha humwonyesha tena iliyo sawa, yote hayo kwa muda wa sekunde chache, na kazi huendelea. Hakumtukana wala hakumwacha. Alimwambia papo hapo, mbele ya kosa lenyewe.

Na hakuwa na mkubwa wa kumwogopa. Bwana Walton, tuliyemtaja, alikuja siku moja mazoezini na ndevu, hali ya kuwa timu ilikuwa na kanuni ya kutofuga ndevu. (Wasituelewe vibaya wazee wetu. Kwetu ndevu ni sunna, na maana yetu si ndevu bali ni kanuni waliyokubaliana.) Alikuwa ndiye mchezaji bora wa nchi nzima wakati ule. Kijana akasema ni haki yake. Mwalimu akamwambia kuwa anamheshimu mtu anayeshikilia aaminilo, na kwamba timu itamkosa. Walton akakimbia kwenda kunyoa, akarudi mazoezi hayajaanza.

Hatusemi Bwana Wooden alikuwa malaika. Baada ya yeye kustaafu magazeti yalieleza habari za tajiri mmoja wa mjini aliyekuwa akiwapa wachezaji wa chuo kile zawadi na misaada kinyume cha kanuni, na mwaka 1981 chuo kiliadhibiwa. Wapo wanaomlaumu kwamba yeye aliyetazama kunyanzi la soksi alishindwa kutazama jambo kubwa namna hiyo lililokuwa karibu yake. Sisi twaona lawama hiyo ina haki yake. Mtu huweza kuwa mkali wa mambo madogo yasiyo na aibu, na akageuza uso panapokuwa na mtu mzito.

Twasema hivyo kwa kuwa ndivyo tulivyofanya sisi. Msimu uliopita kundi moja la wanachama kumi na wanane lilikubaliana kuanika katika sakafu moja na kuuza kwa jina moja. Lilikuwa shauri jema, na sisi tulilisifu katika ukurasa huu huu. Siku ya nne yalikuja magunia jioni, ya mtu mmoja anayeheshimiwa na wote, na karafuu zake zilikuwa zimelala mbichi ndani ya magunia, wengine wasema usiku mmoja, wengine wasema miwili. Mmoja wetu sisi waandishi alikuwapo. Alitia mkono ndani ya gunia akahisi joto. Harufu pia aliisikia. Jua lilikuwa linakuchwa, mwenye magunia alikuwa mtu mzima wa kuamkiwa, na kila mmoja alimngoja mwenziwe aseme. Hakusema mtu. Zikamwagwa pamoja na za wengine, zikachanganyika.

Zilipokauka, nyingi zilikuwa zimepauka na kunyauka, haziwezi tena kutengwa na zile nzuri, na penye mizani mzigo mzima ukashushwa daraja. Watu kumi na saba walilipa kwa joto la magunia ya mtu mmoja. Lakini tukipima vizuri, walilipa pia kwa kunyamaza kwao. Na lililotuumiza zaidi lilikuja baadaye: yale maneno ambayo hayakusemwa sakafuni yalisemwa barazani, sokoni na harusini, kwa muda wa miezi, mpaka yule mzee akaacha kuja mikutanoni. Yeye naye, tulipokwenda kumtazama, alituuliza swali moja tu: kwa nini hamkuniambia pale pale? Alisema angeliyarudisha magunia yake nyumbani. Hatukuwa na jawabu.

Tumefikiri sana juu ya heshima. Twaona kuwa kumwambia mkubwa, Shikamoo mzee, tafadhali tuziweke hizi kando kwanza tuzitazame asubuhi, si kumvunjia heshima. Bwana Wooden alisema na mchezaji bora wa nchi kwa maneno machache ya adabu, na yakatosha. Sisi tuliogopa maneno machache, yakazaa mengi.

Mwalimu huyu alishindwa pia, na namna alivyoshindwa ni sehemu ya somo. Timu yake ilishinda michezo 88 mfululizo, mpaka tarehe 19 Januari 1974, ilipokwenda kucheza na Notre Dame. Zikiwa zimebaki dakika zisizotimia nne walikuwa mbele kwa mabao 11. Wenyeji wakapata mabao 12 ya mwisho, UCLA hawakupata hata moja, na mchezo ukesha 71 kwa 70. Baada ya juma moja timu hizo zilikutana tena, na UCLA wakashinda 94 kwa 75. Mazoezi ya juma lile yalianza kwa mambo yale yale ya siku zote. Alikuwa akiwaambia vijana kwamba mtu akiwaona wanatoka uwanjani asiweze kujua kwa nyuso zao kama wameshinda au wameshindwa. Mwaka 1975 walichukua ubingwa wa kumi kwa kuwafunga Kentucky 92 kwa 85, naye akastaafu.

Lile kundi la watu kumi na wanane limebaki na watu kumi na mmoja. Wamekubaliana kujaribu tena msimu ujao, na wametuomba tusiwasifu kabla hawajaanza, nasi tumekubali. Wamechagua watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wa kupokea kila gunia mlangoni, kulifungua, kutia mkono, na kuandika katika daftari siku zilipochumwa na siku zilipochambuliwa. Karafuu za kila mtu zitaanikwa jamvi lake kwa siku ya kwanza, ndipo zichanganywe. Kanuni hiyo itaanza kwa magunia ya mwenyekiti. Mzee wetu ameombwa awe mmoja wa wapokeaji, kwa kuwa, kama alivyosema mtu mmoja kikaoni, hakuna anayeijua harufu ile kuliko yeye. Mpaka tunapeleka ukurasa huu kupigwa chapa alikuwa hajatoa jawabu, lakini alikwenda kuitazama sakafu, na alionekana akiziba nyufa kwa saruji.

Makatibu wa matawi waombwa walisome somo hili kwa sauti katika mkutano wa kufungua msimu, kisha wawaulize wanachama mambo haya: katika kazi ya karafuu ya tawi letu, soksi yetu ni ipi, na nani ameiona kunyanzi asiseme? Ni nani aliyetupa mpira msimu uliopita tusimnyooshee kidole? Na mgeni akija na magunia jioni, nani ataweka mkono ndani? Mwenye neno la kutujibu, hata kama ni la kutulaumu, alilete kwa katibu wa tawi lake kabla ya uchumaji kuanza, nasi tutalichapisha.